Nani Aliwaambia Kwamba Tunaumwa

Ijumaa, 4 Oktoba

Gari limekufa leo, na limekufa vibaya. Lilikuwa limebakiza kilomita themanini kufika Adelaide, Clarrie Noske akiwa kiti cha nyuma na koo lake lililochomwa na mionzi, injini ikatoa moshi na kunyamaza. Yeye na dereva walikaa kando ya barabara saa tatu nzima wakisubiri gari la kuvuta. Nyuzi thelathini na nne, nzi, hakuna hata kivuli cha nguzo. Clarrie ana miaka sabini na minane, na kwa sasa hamezi kitu kigumu kuliko mtindi. Miadi yake ikapita. Nilimpigia simu jioni kumwomba radhi. Akaninong'oneza, maana sauti haimtoki: "Usijali, Noelene. Nimeona magari mengi mazuri yakipita."

Nimenunua daftari hili kwa sababu nilikuwa karani wa shule ya Kurrabin miaka thelathini na mmoja, na nikiwa na hasira siwezi kufikiri bila kuandika. Mume wangu Des alipelekwa mjini na gari hilohilo mara ishirini na nane kabla hajafa. Tangu hapo mimi ndiye ninayepanga safari za wagonjwa wa saratani: nani anakwenda, lini, nani anaendesha. Sasa ninapanga safari za gari lisilokuwepo.

Jumanne, 8 Oktoba

Tumechoma na kuuza soseji mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Tuckwell tangu asubuhi, kuchangisha gari jipya. Tumepata dola mia nne na kumi na mbili. Graeme Tuckwell, mwenyekiti wa kamati yetu ya gari, alitazama kopo akasema: "Kwa mwendo huu tutanunua gari mwaka ambao mimi na wewe ndio tutakuwa abiria."

Jumatano, 9 Oktoba

Upepo wa kaskazini. Shayiri imeanza kugeuka rangi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kikao cha kamati kwenye ukumbi wa klabu ya mpira. Alikuja mwanamke anaitwa Philippa Sorrell kutoka Tamberlin, wale wauzaji wa mbegu na mbolea. Kampuni itatupa gari jipya, viti saba, na mafuta ya mwaka mzima. Tuckwell alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mimi niliuliza: "Na ninyi mnataka nini?"

"Noelene!" Tuckwell akasema.

"Namuuliza tu."

Philippa akacheka, hakuchukia. "Stika ndogo mlangoni. Na ripoti fupi kila mwezi, wakubwa wangu waone gari linamsaidia nani. Bila majina. Herufi za mwanzo tu, umri, na mistari miwili juu ya hali ya nyumbani."

Hakugusa keki. Nilioka keki za nazi na chokoleti ishirini na nne, akanywa maji. Simwamini mtu anayekaa saa mbili mbele ya keki zangu na kunywa maji. Lakini nilipiga kura ya ndiyo, kama wote.

Jumatatu, 21 Oktoba

Gari limefika. Jeupe kama friji. Stika ya Tamberlin mlangoni si ndogo.

Jumatano, 23 Oktoba

Dereva mpya amejitolea: Rolf Dembinski, jina la Kipolandi, miaka kama hamsini na minane, alikuwa akiendesha malori makubwa huko magharibi. Amepanga nyumba ya zamani ya posta tangu Juni. Hana mke, hana mbwa, hanywi kilabuni. Madereva wetu wengine wote wameingia shambani, mavuno yameanza, kwa hiyo hatuna wa kuchagua. Leseni yake safi, cheti cha polisi safi. Nilimuuliza kwa nini Kurrabin. Akasema: "Kodi ndogo." Mtu gani anahamia mahali kwa sababu hiyo tu?

Jumatatu, 28 Oktoba

Clarrie amesema Rolf anaendesha vizuri na haongei. Halafu akaongeza: "Tukisimama, anaandika."

"Anaandika nini?"

"Sijui. Ana kijitabu."

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimetuma ripoti ya kwanza. Ukurasa mmoja na nusu. Philippa alijibu kabla ya chakula cha mchana: "Noelene, hii ndiyo ripoti bora kuliko zote tunazopokea. Una jicho." Labda nilimhukumu bure juu ya zile keki.

Jumamosi, 2 Novemba

Nyuzi thelathini na nane. Mashine za kuvunia zinanguruma pande zote. Vumbi mpaka kwenye siagi.

Jumatano, 6 Novemba

Nimempelekea Rolf pai ya nyama. Nakiri hapa kwamba sikwenda kwa ajili ya pai. Nilitaka kuona ndani. Meza moja, kiti kimoja, redio, na kile kijitabu juu ya meza, chenye jalada jekundu. Aliona ninakitazama, akakitia mfukoni mwa shati. Akaniambia asante kwa pai.

Jumanne, 12 Novemba

Clarrie ameuza shamba.

Naandika sentensi hiyo naitazama. Akina Noske wako barabara ile tangu babu yake alipong'oa visiki kwa farasi. Nilimkuta verandani na blanketi magotini, joto hili lote. Akanipa barua niisome. Ilitoka kwa kampuni nisiyoijua, kupitia dalali wa ardhi wa mji wa jirani. Lugha tamu. Tunaelewa unapitia kipindi kigumu. Tunaelewa kwamba huna mtoto wa kurithi kazi. Unaweza kubaki nyumbani kwako muda wote utakaouhitaji. Bei yenyewe, hata mimi nisiyejua bei za ardhi nilijua ni ndogo. Na ukitia sahihi ndani ya siku kumi, hakuna ada ya dalali.

"Clarrie, mbona hukutuambia?"

Alimeza mate kwanza, na kumeza ni kazi kwake. "Nilikuwa nimechoka. Barua ikaja siku niliyokuwa nimechoka."

"Walijuaje kwamba unaumwa?"

Akaikunja barua, akairudisha kwenye bahasha.

Nimeendesha mpaka nyumbani nikiwaza. Mtu akikaa na mgonjwa ndani ya gari saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, mara tano kwa wiki, atasikia kila kitu. Atasikia nani hana mtoto, nani amechoka.

Jumatano, 13 Novemba

Pai nyingine kwa Rolf. Ya kuku. Nilimuuliza kama Clarrie huwa anazungumzia shamba lake njiani. Akasema: "Kinachosemwa garini kinabaki garini." Nikamwambia huo ni msimamo mzuri. Akanitazama kama anayejua kwamba sikuja kusifu misimamo.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua milimita nne. Kila mtu amekasirika, nafaka iliyolowa haivunwi.

Jumatano, 20 Novemba

Pai ya tatu. Kijitabu hakikuwepo mezani.

Jumatatu, 25 Novemba

Merv Kitto naye amepata barua. Merv ni jirani wa Clarrie, anatibiwa tezi dume, na hilo halijui mtu yeyote isipokuwa mkewe, daktari, mimi na dereva. Hata kaka yake hajui. Alikuja nyumbani kwangu na buti zake za shambani, hakuvua, akaitupa barua juu ya meza.

"Nisomee mstari wa pili," akasema.

Nikasoma: *Tunatambua kwamba matibabu marefu yanaweza kufanya msimu ujao kuwa mgumu.*

"Matibabu gani?" Merv akasema. "Mimi na matibabu wapi? Mjini nakwenda kununua vipuri, ndivyo nilivyomwambia kila mtu! Nani amewaambia?"

"Si mimi, Merv."

"Najua si wewe. Wewe ulikaa na siri za watoto wetu wote na hakuna hata moja iliyotoka. Ni yule Mpolandi wenu."

Sikumtetea Rolf. Nilimimina chai.

Jumatano, 27 Novemba

Sikupeleka pai. Nilikwenda mji wa jirani kutafuta miwani, na gari la Rolf lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi ya dalali yuleyule. Nilisimama upande wa pili wa barabara, nyuma ya gari la maziwa, kama mwizi. Alitoka baada ya dakika tano, akikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati pamoja na kile kijitabu. Nilisahau miwani.

Ijumaa, 29 Novemba

Ripoti ya pili nimetuma leo asubuhi, nikamaliza hilo. Jioni kikao cha dharura.

Tulikuwa sita. Tuckwell alitaka aanze polepole, lakini ni mimi niliyesema. Nikasema Clarrie, nikasema Merv, nikasema kijitabu, nikasema ofisi ya dalali. Rolf alisikiliza mikono ikiwa mezani. Mikono mikubwa, kucha zimekatwa fupi.

"Kwa dalali ndiko ninakolipia kodi ya nyumba," akasema. "Jumatano ya mwisho ya mwezi."

"Na kijitabu?" nikauliza.

"Ni changu."

"Tuonyeshe basi, yaishe."

"Hapana."

"Rolf, rafiki yangu," Tuckwell akasema, "ukikataa, unatuweka pabaya."

"Mko pabaya tayari." Akatoa ufunguo wa gari, akauweka juu ya meza taratibu, haukulia hata kidogo. Kisha akaniambia mimi, si kamati: "Ungeniuliza, Noelene. Wiki tatu uliniletea chakula. Ungeniuliza hata mara moja."

Akatoka. Merv, aliyekuwa mlangoni, alimfungulia mlango kwa mguu.

Nimerudi nyumbani nikiwa na uhakika kabisa. Nimeandika neno hilo ili nilikumbuke.

Jumatatu, 2 Desemba

Tuckwell anaendesha. Amempeleka Clarrie. Anaongea njia nzima, Clarrie anasema, kuhusu bei ya misumari.

Alhamisi, 5 Desemba

Nyuzi arobaini na mbili, kaskazi kama mdomo wa tanuri. Leo ni marufuku kuvuna kwa hatari ya moto. Mashine zote kimya. Watu wamejaa kilabuni wanatazama anga.

Jumatano, 11 Desemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Leo Tuckwell alikuwa anaumwa mgongo, nikaendesha mwenyewe, kumpeleka Joyleen Abbey kwenye kemo yake ya tano, ile dripu ya saratani. Joyleen ana miaka hamsini na mitano, mjane, mcheshi, kichwa chake amekifunga kitambaa cha njano. Analima na mwanawe mmoja tu, ambaye miaka miwili sasa yuko kaskazini-magharibi kwenye mashua za lulu. Tulipofika kwenye daraja la reli nilikanyaga shimo, akashika kiti akauma midomo.

"Samahani!"

"Rolf hulipita kushoto shimo hili," akasema. "Amelichora."

"Amelichora wapi?"

"Kwenye kijitabu chake. Kila shimo, kila tuta, kila choo kisafi. Halafu anaandika nani anaumia wapi. Aliniuliza siku moja neno *kichefuchefu* linaandikwaje. Hajui sana kuandika, anaona haya. Hukujua?"

Barabara ilikuwa imenyooka mbele yangu na sikuwa naiona vizuri.

"Aliniambia nisiwaambie," Joyleen akaendelea. "Lakini kwa kuwa mmeshamfukuza."

Tukaenda kilomita kama ishirini. Kisha akafungua mkoba. "Ngoja nikuchekeshe. Jana na mimi nimepata barua ya mapenzi kutoka kwa wale wanaotaka mashamba." Akaisoma kwa sauti ya padri: "*Tunaelewa kwamba mwanao amejijengea maisha Perth na hana mpango wa kurudi.* Perth! Mtoto wangu yuko Broome, kilomita elfu mbili kutoka Perth! Hao wapelelezi wao wanalipwa bure."

Akacheka. Mimi niliwasha taa ya kuegesha nikasimama kando.

"Noelene? Unaumwa?"

"Kidogo. Joto."

Rolf alijua ni Broome. Rolf ndiye aliyempigia yule kijana simu Novemba, Joyleen alipolazwa. Kila mtu Kurrabin anajua ni Broome. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuandika Perth, akiwa na haraka, asubuhi ya siku ya kikao, kwa sababu kichwani mwake magharibi yote ni Perth.

Nilimpeleka Joyleen, nikamsubiri kwa saa nne kwenye viti vya plastiki, nikamrudisha. Niliponyoosha mkono kumfungulia mlango alinishika kiganja. "Una uso wa aliyefiwa," akasema. Nilimwambia nitamweleza, lakini si leo.

Nyumbani nilitoa nakala za ripoti. *C.N., 78, anaishi peke yake barabara ya Noske, hana mtoto, kazi ya shamba imemshinda na anasema mara nyingi kwamba amechoka. M.K., 66, jirani wa C.N., tezi dume, anaficha ugonjwa wake, anahofia msimu ujao. J.A., 55, mjane, mwanawe mmoja yuko Perth, hatarudi.* Mwandiko wa mtu mwenye jicho. Sikuandika jina hata moja. Lakini barabara ya Noske ina Noske mmoja.

Nilikuwa najivunia mistari hiyo. Nilitafuta maneno.

Alhamisi, 12 Desemba

Nilimpigia Philippa Sorrell. Nimeandika maneno yake mara tu nilipokata simu.

"Noelene, habari ya mavuno?"

"Ripoti zangu zinakwenda kwa nani?"

"Kwa kitengo cha jamii."

"Na kutoka hapo?"

"Tuna washirika. Kila kampuni ina washirika."

"Washirika wanaonunua mashamba?"

"Sijui kila mshirika anafanya nini." Sauti yake haikubadilika hata chembe, na hilo lilinitisha kuliko kama angefoka. "Ulitia sahihi fomu ya makubaliano, ukurasa wa tatu. Taarifa zilitolewa kwa hiari, bila majina. Hakuna aliyelazimishwa kuuza chochote."

"Clarrie Noske ana saratani ya koo. Mlimwandikia wakati hawezi kumeza."

"Nasikitika sana kuhusu hilo. Ripoti ya Desemba tutaipata lini?"

Ijumaa, 13 Desemba

Tuckwell alisoma nakala akiwa amesimama nyuma ya kaunta yake. Akakaa juu ya ndoo ya rangi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi tuishie hapo. Ripoti zijazo andika upuuzi. Andika wote wana watoto kumi na wawili na mapafu ya farasi."

"Graeme."

"Nisikilize! Tukirudisha gari, Joyleen ataenda na nini? Baiskeli? Ana kemo tatu zimebaki. Unataka kuonekana msafi, na yeye ndiye atakayelipa."

Ana hoja, na ndiyo maana inauma. Nilimwambia kwamba watu wanakaa ndani ya gari lile na kufungua mioyo yao, na mlangoni kuna jina la wanaowasikiliza. Akasema maneno matamu hayapeleki mtu hospitali. Tuliachana bila kuagana.

Jumamosi, 14 Desemba

Kwa Clarrie kwanza. Nilimwambia kila kitu, nikamsomea mistari yangu mwenyewe, hata ule wa kuchoka. Alisikiliza huku akitazama ngano yake iliyoiva, ambayo mwaka huu anaivuna mtu mwingine.

Alinong'ona, nikainama ili nisikie.

"Ningeuza tu, Noelene. Mwaka huu au ujao."

Nikaanza kupumua.

"Lakini ningemuuzia Merv. Hata kwa bei hiyohiyo. Tulikwisha kuzungumza, tangu mke wangu yuko hai."

Hakunifukuza. Nilikaa naye mpaka muuguzi alipokuja, kisha nikaenda kulia ndani ya gari, nimefunga vioo, nyuzi thelathini na tisa.

Jumatatu, 16 Desemba

Kwa Rolf. Alikuwa anamwagilia nyanya. Hakuzima mpira.

Nikasema nilichokuja kusema. Hakunikatiza.

"Kushukiwa nimezoea," akasema mwishoni. "Mimi mgeni, siongei sana, nina sura hii. Mkigombana kuku ameibwa, nitashukiwa mimi. Lakini wewe ulikuwa unanipikia, Noelene. Nilikuwa nangoja Jumatano. Nilikuwa nanyoa ndevu."



Nikamuuliza kama ataendesha tena, endapo tutapata cha kuendesha.

"Nitaendesha. Si kwa ajili yako." Akahamisha mpira kwenye mche mwingine. "Na pai sitaki."

Ijumaa, 20 Desemba

Sherehe ya mwisho wa mavuno, ukumbini. Watu mia na kitu, nyama inachomwa nje, watoto wanapigana maji. Tuckwell alikuwa anachezesha bahati nasibu ya sinia la nyama. Nikamwomba kipaza sauti. Alikishikilia kidogo, tukavutana kama watoto mbele ya umati, kisha akakiachia.

Nilisema: niliandika ripoti, ripoti zilikwenda kwa waliowaandikia barua, Rolf Dembinski hana kosa lolote, kosa ni langu. Sikutaja wagonjwa. Nilisema gari lazima lirudi.

Kisha Merv akasimama, mbele ya kaka yake na wote waliodhani anafuata vipuri.

"Mimi ni mmoja wao," akasema. "Tezi dume. Sasa mnajua." Akanigeukia. "Nilikuja kwako na barua mkononi. Ukanimiminia chai."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nimtukane mtu asiye na hatia."

"Ndiyo, Merv."

Nilidhani atatoka. Alibaki amesimama, anahema. Kisha akasema hatanisamehe kesho wala keshokutwa, lakini bado ana lori moja la ngano halijapimwa, na kesho kwenye maghala ataandikisha tani tano kwa jina la gari la wagonjwa, ziuzwe, tununue letu lisilo na stika ya mtu. "Nani mwingine?"

Mikono ikaanza kupanda. Si yote. Watu wa meza ya karibu na mlango waliondoka, na mmoja wao alisema kwa sauti, makusudi nisikie: "Gari jipya linarudishwa kwa sababu ya kimbelembele cha karani." Joyleen, na kitambaa chake cha njano, alipita kwenye meza akiandika ahadi nyuma ya tiketi za bahati nasibu.

Rolf alikuwa nyuma kabisa, karibu na mapipa. Alipotazamwa alikunywa soda yake.

Jumatatu, 23 Desemba

Gari limechukuliwa. Aliyelifuata hakuwa Philippa. Nilimwomba anisainie karatasi ya makabidhiano.

Jumanne, 31 Desemba

Hadi leo tani themanini na moja zimeandikishwa. Tuckwell amepiga hesabu mara tatu, anasema haamini. Tangu gari lichukuliwe, Joyleen anapelekwa na gari la kaka yake Merv, Rolf usukanini. Tuckwell hajazungumza nami isipokuwa kwa tarakimu.

Alhamisi, 9 Januari

Tumenunua gari. La mitumba, la kijivu, kiti cha mbele kinalala kabisa. Mlangoni hakuna kitu.

Jumatatu, 13 Januari

Mgonjwa mpya. Daktari alinipa namba, nikapiga, akapokea mkewe.

"Utaandika nini juu yake?" akauliza kabla sijamaliza salamu.

"Siku na saa."

"Na nani atasoma?"

"Mimi na dereva."

Akaziba simu kwa mkono. Nilisikia sauti ya mwanamume ikisema kitu. Akarudi. "Anasema afadhali aende mwenyewe."

Miaka thelathini na mmoja, na sasa mimi ndiye mtu ambaye watu wanamzibia simu.

Ijumaa, 17 Januari

Rolf alimkuta yule mgonjwa mpya njiani, akirudi mwenyewe kutoka hospitali. Alikuwa amesimamisha gari lake nje ya barabara, mlango wazi, anatapika. Alikataa msaada. Rolf akaegesha nyuma yake, akakaa humo dakika arobaini bila kushuka, mpaka yule bwana alipowasha gari. Akamfuata kwa umbali mpaka kwenye geti lake.

Jumapili, 19 Januari

Simu saa moja asubuhi. Ni yule mke.

"Alhamisi," akasema. "Saa kumi na moja alfajiri. Lakini usiandike chochote."

"Siandiki."

"Hata jina."

"Hata jina, mama. Nitakumbuka."

Alhamisi, 23 Januari

Gari la kijivu limeondoka kwa wakati, na mtu mmoja. Limerudi saa tisa alasiri. Rolf alinipigia, maneno mawili: "Tumefika salama."

Niliingia dukani kwa Tuckwell kununua bawaba ya dirisha la jikoni. Watu watatu kwenye kaunta. Tuckwell, ambaye tangu Krismasi hajanipa hata habari ya hali ya hewa, akainua kichwa.

"Nimeona gari limetoka alfajiri," akasema. "Nani leo?"

Wote watatu wakageuka. Miaka yote ningejibu bila kufikiri. Hapa kila mtu huuliza, na kila mtu hujibiwa, na tunaita hiyo ujirani.

"Abiria," nikasema.

Kisha akaweka bawaba kwenye mfuko wa karatasi, akaukunja mdomo mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu tuvutane kipaza sauti, akanisogezea kiti.

"Dola sita," akasema. "Kaa, birika linachemka."